Mizigo ya safari ibebwe na baiskeli, si mgongo

Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita kuhusu safari ndefu za baiskeli ilinifurahisha, mpaka pale mwandishi alipowashauri wasomaji watie kila kitu kwenye begi la mgongoni, eti ni rahisi na halihitaji keria. Mimi ni fundi baiskeli na safari hizo nazipenda kwa dhati. Ushauri huo utawaumiza watu.

Begi la mgongoni linafaa kwenda nalo kazini na kurudi. Ukishinda nalo juu ya tandiko kutwa nzima, uzito wake wote unashukia makalio, mabega na viganja, mgongo unaloa jasho, na kwa kuwa mzigo umekaa juu, baiskeli inayumba. Kilo zile zile zikishushwa kwenye mifuko ya pembeni, kando ya gurudumu, mwili unakuwa huru.

Mifuko hiyo nayo ina mambo yake. Wengi hununua mikubwa kwanza, ndipo watafute cha kuijaza, na nafasi ikiwepo itajazwa tu. Wateja wangu nawaambia watandaze vitu vyote sakafuni, watoe kila kilichowekwa kwa sababu ya "huenda", kisha wanunue mfuko wa kutosha vilivyobaki. Thomas Stevens, aliyeondoka San Francisco mwaka 1884 na kuizunguka dunia kwa baiskeli ya gurudumu kubwa la mbele, alibeba soksi, shati la akiba, bastola, na koti la mvua ambalo lilimfaa pia kama hema. Koti moja, kazi mbili: hicho ndicho kipimo changu kwa kila kitu kinachotaka kuingia mfukoni.

Jambo ambalo makala haikuligusa kabisa ni gurudumu la nyuma, nalo ndilo ninaloletewa mara nyingi zaidi. Msafiri anafika rimu imepinda, spoki zimekatika upande wa gia, tena zimekatikia pale zinapopinda kuingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ili gia zipate nafasi, spoki za upande huo husimama wima zaidi na kukazwa sana kuliko za upande wa pili. Gurudumu hilo hilo ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito wa mwendeshaji. Ukilitwisha na mizigo yote, umelionea. Na kubadilisha spoki ya upande ule barabarani ni kazi, kwa sababu kwanza lazima ufungue gia, na kifaa cha kuzifungulia wengi hawakibebi.

Kwa hiyo gawa mzigo. Weka keria ndogo mbele, na vitu vizito kama vifaa, chakula na maji uviweke chini kabisa ya mifuko; nguo na mfuko wa kulalia vikae juu. Kushoto na kulia vilingane, hasa mbele, maana tofauti kidogo tu utaisikia kwenye usukani. Mimi napima kila mfuko kwa mizani ya ndoana. Mifuko ya nyuma isogezwe mpaka kisigino kisiiguse unapokanyaga pedeli.

Keria yenyewe isome kabla ya kuinunua. Nyingi za aluminiamu zimeandikwa kikomo cha kilo 25, na hapo ni pamoja na hema uliloliweka juu. Ya chuma ni nzito zaidi, ila ikivunjika njiani mchomeleaji wa kawaida ataiunga. Bolti zake hulegea kwa mtikisiko wa barabara. Zikague kila asubuhi, na ubebe chache za akiba pamoja na ufunguo wake. Nimeona keria iliyopoteza bolti moja tu ikalala juu ya tairi na kulichana. Mipira ya kufungia yenye ndoana siipendi hata kidogo. Ndoana ikichomoka ikanasa kwenye spoki, gurudumu linasimama ghafla na mtu anaruka. Mikanda yenye bizimu ni salama zaidi, ncha zake zikichomekwa ndani.

Naomba makala ijayo iwe na picha ya baiskeli iliyofungwa mizigo tayari kwa safari, iliyopigwa kwa ubavuni na kwa nyuma, ili wasomaji waone mifuko inavyokaa chini na inavyolingana pande zote mbili.

Fundi baiskeli na msomaji wenu wa siku nyingi