Makaburi ya wazee wetu Ujiji: tukutane Jumamosi

Assalaam aleikum ndugu zangu wa ukoo.

Jana mafundi wakichimba msingi wa nyumba ya Baba Mdogo, sururu ilitumbukia kwenye udongo laini. Walipofukua kidogo wakakuta mwanandani, na hatua tatu pembeni mawe mawili, la kichwani na la miguuni. Kumbe ndiyo maana Bibi alikuwa akitukataza kucheza chini ya ule mwembe. Usiku mzima sikupata usingizi. Kazi imesimama, shimo tumelifunika kwa turubai, na mwenyekiti wa mtaa ameshaarifiwa.

Tukutane palepale kiwanjani, Jumamosi saa 2 asubuhi.

1. Shangazi na wazee watuonyeshe mipaka wanayoikumbuka.
2. Vijana mje na miti ya uzio na kamba. Majembe bakisheni nyumbani.
3. Mchango sh. 10,000 kila kaya, kwa mhazini, mwisho Ijumaa jioni. Ni za saruji na mawe ya alama. Asiye nacho aje tu.

Kuhamisha au kuacha, tutamsikiliza shehe kwanza, mtu asijiamulie. Kuvunjia kaburi heshima ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Na tafadhali sana, mifupa isipigwe picha.

Jibuni "nipo" au "sipo" kabla ya kesho saa 2 usiku. Mlio Dar, nipigieni.