Kuflashi waya wa kupimia gari ni dakika 2: kwa nini basi tunatoza 35,000?

Wiki iliyopita mteja mmoja alisimama mezani kwetu huku akitazama saa. Nilipomaliza kuflashi, yaani kuandika upya programu ya ndani ya waya wake wa kupimia gari (ule unaounganisha laptopu na kompyuta za gari), akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani yetu anayeuza betri: "Dakika mbili, fundi! Dakika mbili unanichaji elfu thelathini na tano?" Alilipa, akaondoka amenuna, na jioni akaandika kwenye kundi la mafundi la WhatsApp kwamba sisi ni wezi wa mchana. Kule sikumjibu, kwa sababu kundini kila mtu huandika na hakuna anayesoma. Namjibu hapa, pamoja na wote walioniuliza swali hilohilo tangu tuanze kazi hii.

Dakika 2 ni kweli. Nyaya nyingi za Volkswagen na Audi tunazoletewa zina chipu ya ATmega162, yenye nafasi ya kilobaiti 16 za programu, na kilobaiti 16 haziwezi kuandikwa kwa saa nzima hata ukitaka. Alichokiona yeye ni hicho tu. Hakuona kwamba waya wake ulilala kwetu siku 2, na kwamba siku ya kwanza programu haikuguswa kabisa.

Waya ukifika tunaufungua kwanza. Ndani kuna chipu nne za maana: ya USB inayoongea na laptopu, ATmega162 ambayo ndiyo ubongo, MCP2515 inayoshughulikia mawasiliano ya CAN, yaani lugha ambayo kompyuta za gari huongea, na MCP2551 inayoyatoa kwenda kwenye gari. Ikifa yoyote kati ya hizo, mteja anakuja na kauli moja: "Waya umefuta programu, niflashie." Ameshajipimia ugonjwa na kujiandikia dawa. Sisi tunaupa betri ya volti 12, chanya pini ya 16, hasi pini ya 4 na ya 5, kisha tunashika mita. Regyuleta, inayoshusha umeme wa gari uwe wa kiwango cha chipu, inatoa volti 5 au haitoi? Kuna kitu kinachemka? Ukiuflashi waya wenye regyuleta mbovu utafanya kazi mezani, mteja ataondoka na furaha yake, na keshokutwa atarudi akisema tumemwekea programu feki.

Kuna fundi mmoja wa malori aliyetuletea waya akitaka tumflashie haraka, gari la mtu linasubiri. Tulipoufungua, kapasita ilikuwa imevimba kama maandazi na bodi imeungua rangi ya kahawa. Nikamuuliza aliuchomeka kwenye gari gani. Akasema gari la kawaida. Nikaitazama plagi yake. Sasa, soketi ya pini 16 ya gari la volti 24, kama malori, huwa na mfereji uliokatwa katikati, makusudi, ili plagi ya gari la volti 12 isiingie. Yule bwana aliona haiingii, akachukua kisu akachonga plastiki mpaka ikaingia. Ile plastiki iliwekwa kumlinda, naye akaikata. Waya ule hakuna faili duniani ambayo ingeufufua. Tulibadilisha regyuleta, kapasita mbili na MCP2551, ndipo tukaflashi. Gharama ilizidi mara mbili ya ile anayolalamikia mteja wetu wa wiki iliyopita.

Ila chanzo kikubwa zaidi cha nyaya kukataa kazi, kile kinachotuletea wateja karibu kila wiki, ni kitufe cha kusasisha programu ya laptopu. Nasema wazi: nyaya nyingi mnazonunua Kariakoo ni nakala kutoka Uchina za waya wa Ross-Tech, kampuni ya Marekani inayotengeneza VCDS, programu ya laptopu ya kupimia magari ya Volkswagen na Audi. Mwenye waya asilia akisasisha, anapata toleo jipya bila malipo na kazi inaendelea. Mwenye nakala akiingiza intaneti kwenye laptopu na kukubali toleo jipya, programu inautambua waya kuwa si wake na kuukataa. Tangu hapo kila ukifungua programu unaambiwa waya haupo, wakati taa yake inawaka. Aliyekuuzia alikuandikia kwenye karatasi, tena kwa herufi kubwa, usisasishe. Karatasi ile ilitupwa pamoja na boksi.

Baada ya hapo ndipo watu hutafuta njia ya mkato, na njia hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Mtu anaona video, ananunua programa ya USBasp, yaani kifaa cha kuandikia chipu, anashusha faili kutoka popote, anaunganisha zile nyaya sita, anabonyeza. Kijana mmoja wa Morogoro alifanya hivyo. Ni kijana mwenye mikono mizuri, ulehemu wake wa risasi ulikuwa safi kuliko wa mafundi wengi ninaowafahamu mjini, na hilo nilimwambia. Lakini alikosea mahali pawili.

Kosa la kwanza, alifuta chipu kabla ya kutoa nakala ya kilichokuwemo. Ukifuta ATmega162 unafuta programu, na usipoiwekea mpangilio wa kuihifadhi, unafuta pia EEPROM, kumbukumbu ndogo ya baiti 512 inayokaa pembeni. Humo ndimo mna namba ya waya na taarifa zake. Programu bila EEPROM inayolingana nayo ni mwili bila jina. Kosa la pili, aliweka vibaya fyuzi, yaani vile vipande vya mpangilio vinavyoiambia chipu ichukue wapi mapigo yake ya saa. Aliiambia itegemee mapigo kutoka nje, na kwenye bodi ile hakuna kinachoyatoa kwa namna aliyoichagua. Chipu ikanyamaza. Programa ikawa inaandika haioni chipu, naye akaamini imeungua.

Haikuwa imeungua. Tulichukua mapigo kutoka kwenye bodi nyingine, tukayapeleka kwenye mguu wa XTAL1, ambako chipu hupokea mapigo, na chipu ikaitika. Tukarekebisha fyuzi, tukaandika programu na EEPROM kutoka kwenye nakala tunayohifadhi ya bodi ya aina ileile. Kazi ya 35,000 ikawa kazi ya 60,000, pamoja na nauli ya basi ya kwenda na kurudi. Hakulalamika. Alikaa pale mchana kutwa akitazama, na sasa kabla ya kufuta chochote hupiga simu.

Neno "aina ileile" lina uzito wake. Nyaya mbili zenye ganda moja, rangi moja na stika moja zinaweza kuwa na bodi tofauti kabisa ndani. Nyingine mpya zinatumia chipu za familia nyingine, STM32, na faili ya ATmega162 haina maana yoyote kwake. Ndiyo sababu tunapiga picha kila bodi inayopita mikononi mwetu na kuandika tarehe, na ndiyo sababu mtu akinitumia ujumbe "nitumie faili ya waya wa bluu nikulipe elfu kumi," namkatalia. Wengine huona nina choyo. Lakini sijaiona bodi yake, na akiua chipu kwa faili yangu jina litakalosemwa ni langu.

Kuna nyaya zinazokuja kwetu bila ugonjwa wa fimuwea, yaani ile programu ya ndani ya waya, kabisa. Chipu za USB za FT232 zimeigwa sana. Mwaka 2014 FTDI, kampuni ya Uskoti inayozitengeneza, ilitoa draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa, iliyopitia masasisho ya Windows na kuzibadilishia chipu bandia namba yao ya utambulisho kuwa 0000. Waya mzima, taa inawaka, kompyuta haiutambui. Mwaka 2016 ikaja draiva nyingine ambayo chipu ikiwa bandia inapenyeza kwenye data maneno ya Kiingereza yasemayo kifaa si halisi. Hebu fikiria fundi anasoma kontroboksi, yaani kompyuta ya gari, ya Passat, na katikati ya majibu ya gari yanaingia maneno ya draiva. Atasema gari lina tatizo la umeme, na mwenye gari atanunua sensa asiyoihitaji. Tatizo la aina hii tunalimaliza kwa kurekebisha namba na draiva, au kwa kubadilisha chipu ya USB, na hatutozi bei ya kuflashi. Wiki mbili zilizopita mama mmoja mwenye Touareg, ambaye amechoka kulipia kupimiwa na akaamua kununua waya wake mwenyewe, alikuja akiwa na hofu kwamba ameua kifaa. Ilikuwa draiva. Tulichukua 5,000 ya kupima, akaenda zake.

Siku ya pili ya waya wa yule mteja wetu ilienda kwenye majaribio. Kwenye benchi letu kuna dashibodi ya Passat na kontroboksi ya Golf ya zamani, zimefungwa kwenye ubao na kupewa umeme. Hatuweki pale kama mapambo. Gari jipya linaongea kwa CAN, pini ya 6 na ya 14. La zamani linaongea kwa laini ya K, pini ya 7. Waya unaweza kusoma Passat vizuri kabisa na ukashindwa Golf kwa sababu njia ya laini ya K ilikufa zamani. Anayejaribu kwenye gari moja lililo mlangoni hatalijua hilo. Atalijua mteja, akiwa amelala chini ya dashibodi ya mtu huko Kibaha. Waya wa yule bwana ulikuwa hivyo. Laini ya K ilikuwa imekufa, tukaitengeneza, na kwenye risiti tuliandika. Nadhani hakusoma risiti.

Kwa hiyo 35,000 ni kufungua, kupima, kuandika programu na EEPROM, majaribio ya gari jipya na la zamani, na dhamana ya mwezi 1. Kifaa kikihitaji kubadilishwa tunapiga simu kwanza. Tukishindwa, unalipa 5,000 ya kupima tu. Mtu anayekuflashia kwa 10,000 simsemi vibaya, ila muulize kama atakuonyesha waya unasoma laini ya K kabla hujaondoka.

Vile vidude vidogo vya ELM327 vya kupimia gari visivyo na waya, ambavyo ndani chipu yake imefunikwa kwa tone jeusi la gundi, hatuviflashi. Hatuwezi kuifikia chipu, na hatutachukua hela yako kujaribu.

Ukija, njoo na waya pamoja na laptopu unayoitumia, hata kama ni nzito na umetoka Mbagala kwa daladala, maana nusu ya majibu yamo humo. Usiubandue stika wala kuufungua mwenyewe. Tuambie gari la mwisho ulilolipima na kilichotokea, hata kama ulichonga plagi kwa kisu. Hatutakugombeza, tunataka kujua pa kuanzia mita. Tunafungua saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni, Jumamosi mwisho saa 8 mchana.