Barua ya wazi kwa Waziri wa Usafiri wa Uingereza: Tavistock tunataka treni

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Tavistock, Devon. Barua za Kiingereza umeshaletewa nyingi na wenyeji wa mji huu, basi hii ya Kiswahili mtaitafutia mkalimani.

Juzi usiku nikitoka zamu Plymouth, basi la mwisho halikutokea. Hakuna taarifa wala wa kumuuliza. Nikachukua teksi, na sehemu nzuri ya ujira wa siku ile ikaishia kwa dereva. Miguu imevimba kwa kuwahudumia wazee kutwa nzima, halafu nilipe ili nifike kulala!

Kinachoniuma ni lile daraja la mawe la reli. Linapita juu ya mapaa yetu, zima kabisa, na wanaolitumia ni watembea kwa miguu na mbwa wao. Stesheni ya Tavistock North ilifunguliwa 1890, treni za kutoka stesheni ya Waterloo, London, kwenda Plymouth zikipita hapo. Leo majengo yake ya granaiti ni nyumba za wageni wa likizo, na halmashauri nayo ikajenga ofisi zake palepale ilipopita reli. Aliyebuni hilo nampa hongera.

Mwaka 1963 Dk. Beeching, mkuu wa shirika la reli la taifa, alipendekeza kufunga vituo zaidi ya 2,000. Mwaka 1964 chama chako, Labour, kikaomba kura kwa ahadi ya kusitisha ufungaji mkubwa wa reli. Kikashinda. Mei 1968, chama hichohicho kikiwa madarakani, stesheni yetu ikafungwa. Nakukumbusha tu, Mheshimiwa, najua una mengi.

Februari 2014 bahari ilibomoa ukuta pale Dawlish, pwani ya Devon, reli kuu ya kwenda London ikabaki inaning'inia. Miezi miwili Plymouth na Cornwall hazikuwa na treni ya kwenda London, na njia ya pili ingepita hapa kwetu! Okehampton, mji mwingine wa Devon, walirudishiwa treni 2021. Oktoba 2023 waliokutangulia wakatuahidi na sisi. Julai 2024 serikali yako ikafuta mpango wote wa kufufua reli, eti pesa hakuna. Nahisi kosa letu ni kuwa mbali na London. Tungekuwa jirani zenu, pesa ingeonekana.

Sidai reli hadi Okehampton. Treni inafika Bere Alston, maili tano na kitu kutoka hapa. Tuunganishieni kipande hicho. Hata treni moja asubuhi na moja usiku. Hata ya usiku peke yake, Mheshimiwa. Ya usiku tu.

Wako aliyechoka kuvumilia,
Mlezi wa wazee, Tavistock