Ulinganisho wa programu za kuunganisha mifumo uanzie pale kazi inapokwama

Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala yenu iliyolinganisha programu za kuunganisha mifumo ya wingu na kuendesha kazi za ofisi zenyewe bila mkono wa mtu, na ninawashukuru kwa kulipa nafasi jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi peke yao. Hata hivyo, jedwali lililoambatana na makala hiyo lilizipanga Zapier, Make, n8n, Power Automate na MuleSoft kwa kuangalia kila moja inaunganisha programu ngapi, ipi ina kipindi cha majaribio bila malipo, na ipi ni nyepesi kwa mtu asiyejua kuandika msimbo. Anayechagua kwa ajili ya biashara yenye ankara, ghala na wateja wanaosubiri mizigo yao hafiki mbali kwa vigezo hivyo. Nimesimamia miunganisho ya aina hii kwa miaka 9 katika kitengo cha hesabu, na ninaomba nafasi nieleze kwa nini ninaona ulinganisho ungeanzia mahali pengine kabisa, yaani pale hatua moja inaposhindwa katikati ya kazi.

Nianze na idadi ya programu zinazounganishwa, kwa kuwa ndiyo iliyopewa uzito mkubwa. Zapier inajivunia maelfu ya viunganishi, yaani vipande vinavyoiunganisha na programu nyingine, na ni kweli inavyo. Lakini jina la programu kuwamo katika orodha halikuambii kiunganishi hicho kinaweza kufanya nini. Nimekutana na kiunganishi cha mfumo wa hesabu kilichoweza kufungua ankara mpya ila hakikuweza kuifuta ankara iliyokosewa wala kutoa hati ya marejesho. Matokeo yake, kila mteja aliporudisha bidhaa, mhasibu alilazimika kuingia kwenye mfumo na kurekebisha kwa mkono, na ile kazi tuliyosema imejiendesha ikabaki nusu. Kwa hiyo mnunuzi asiulize kama mfumo wake umo. Aandike vitendo vyote anavyovihitaji, kimoja kimoja, kuanzia kufungua, kubadilisha, kufuta hadi kutafuta, kisha avitafute ndani ya kiunganishi chenyewe.

Jambo la pili, ambalo makala ililigusa kwa sentensi moja tu, ni namna matumizi yanavyohesabiwa. Zapier inahesabu kila kitendo kilichokamilika. Kichochezi kinachoanzisha mtiririko, yaani mfululizo wa hatua zinazojiendesha, hakihesabiwi, wala hatua ya kuchuja. Make kwa miaka mingi imehesabu operesheni, yaani kila mara kijenzi kimoja (hatua moja ya mtiririko) kinapofanya kazi, kichochezi kikiwemo. Mwaka 2025 ilihamia kwenye krediti, ingawa kwa hatua nyingi za kawaida operesheni 1 bado ni krediti 1. Huduma ya wingu ya n8n inahesabu mtiririko mzima ulipoendeshwa, uwe na hatua 3 au 30. Tuchukue mtiririko wenye kichochezi 1 na vitendo 9, unaoendeshwa mara 300 kwa siku: kwa hesabu ya kwanza ni vitendo 2,700, kwa ya pili ni operesheni 3,000, kwa ya tatu ni mara 300. Kazi ni ile ile, lakini vipimo vinatofautiana mara kumi, na ndiyo maana kuziweka bei za programu hizi katika safu moja ya jedwali kunampotosha msomaji.

Kuna mitego miwili zaidi katika hesabu hiyo. Kichochezi cha Make kilichopangwa kuchungulia kila dakika 15 kama kuna agizo jipya hutumia operesheni hata kinapokuta hakuna kitu; mara 96 kwa siku, 2,880 kwa mwezi wa siku 30, kabla hata agizo moja halijaingia. Tena agizo lenye bidhaa 40 likigawanywa bidhaa kwa bidhaa na kupitishwa katika hatua 3, limekula operesheni 120 peke yake. Pale inapowezekana, afadhali mfumo wa mauzo usukume wenyewe taarifa mara agizo linapoingia, badala ya mtiririko kwenda kuchungulia kila mara. Unapunguza matumizi, na ghala linapata habari papo hapo.

Power Automate, iliyozinduliwa na Microsoft mwaka 2016 kwa jina la Flow na kubadilishwa jina mwaka 2019, ina utaratibu wake: viunganishi vimegawanywa kuwa vya kawaida na vya daraja la juu vinavyohitaji leseni ya kulipia zaidi, na kiunganishi cha hifadhidata ya SQL Server au cha kuita anwani yoyote ya wavuti (HTTP) kimo katika daraja la juu. Wengi hugundua hilo baada ya kujenga mtiririko wao wote.

Sasa nifike kwenye kiini cha barua hii. Usiku mmoja wa mwisho wa mwezi, mfumo wetu wa hesabu ulizidiwa na kazi. Mtiririko ulikuwa rahisi: agizo likiingia, ankara ifunguliwe, kisha barua pepe itumwe kwa mteja. Mtiririko uliomba ankara ifunguliwe, ukasubiri jibu, muda ukaisha bila jibu kurudi. Programu ikafanya ilichoagizwa kufanya panapotokea hitilafu: ikarudia ombi. Lakini ombi la kwanza lilikuwa limeshatekelezwa. Kilichopotea njiani ni jibu, si kazi. Asubuhi tulikuta wateja 41 wenye ankara mbili kila mmoja, na wawili kati yao walikuwa wameshalipa zote mbili. Nilikaa siku mbili na mhasibu mwenzangu tukilinganisha namba za maagizo na namba za ankara, mstari kwa mstari, huku simu zikiendelea kuita. Mwanamke mmoja aliyelipa mara mbili alituuliza swali la haki kabisa: kama mashine yenu haijui kwamba imeshanitoza, nani anajua?

Swali hilo ndilo ningependa liongoze kila ulinganisho. Kukosa jibu hakumaanishi kazi haikufanyika. Programu nyingi za aina hii zinaahidi kupeleka ujumbe angalau mara moja, na maana yake ni kwamba mara nyingine ujumbe utafika mara mbili. Dawa inajulikana: kila ombi libebe ufunguo wa kipekee, kwa mfano namba ya agizo, ili mfumo unaopokea ukiuona ufunguo ule ule mara ya pili urudishe jibu la mwanzo bila kufungua ankara nyingine. Mfumo unaopokea usipoukubali ufunguo huo, mtiririko utafute kwanza kama ankara ya agizo lile ipo, ndipo ufungue. Hatua hiyo inaongeza matumizi, na ninaitetea daima, maana ni nafuu kuliko siku mbili tulizokaa na karatasi.

Katika eneo hili programu zinatofautiana kweli, na hapa ndipo jedwali lenu lingemsaidia msomaji. Make inamruhusu mjenzi aambatanishe kishughulikia hitilafu kwenye kijenzi chochote, achague kama mtiririko uendelee, upuuze, usimame au urudishe nyuma, na inaweza kuhifadhi uendeshaji ambao haukukamilika ili mtu aukague na kuumalizia. Katika n8n unaweza kuiagiza kila hatua irudie ikishindwa, na unaweza kuteua mtiririko mwingine mzima uwe wa kushughulikia hitilafu, ambao sisi tunautumia kumwarifu mtu wa zamu. Power Automate inakuacha uamue hatua fulani iendeshwe endapo iliyotangulia imefaulu, imeshindwa, imerukwa au imeishiwa muda. Hiyo hali ya nne ndiyo iliyotuponza sisi, na kuitenganisha na kushindwa kwa kawaida ni faida kubwa. Zapier ina uwezo wa kurudia yenyewe hatua zilizoshindwa, jambo linalofaa pale mfumo wa upande wa pili unapojibu kwa msimbo 429, yaani maombi yamezidi kiwango, lakini linalohitaji tahadhari niliyoieleza pale hatua yenyewe inapogusa fedha.

Kuhusu MuleSoft, iliyo chini ya Salesforce tangu mwaka 2018, pamoja na Boomi, nitasema kidogo. Ni majukwaa mazito ya mashirika yenye mifumo mingi, mingine ikiwa ndani ya seva zao wenyewe, na yanadai mafundi wa kudumu. Kuyaweka katika jedwali moja na Zapier ni sawa na kulinganisha meli na mtumbwi. Vyote vinaelea, lakini anayevuka mto hana haja ya meli.

Lipo pia kosa moja ambalo ninaomba lisahihishwe. Makala iliiita n8n programu ya chanzo huria, yaani ambayo mtu yeyote yuko huru kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza. Msimbo wake unasomeka na kampuni inaruhusiwa kuiendesha kwenye seva yake kwa shughuli zake za ndani, lakini leseni inayotumika tangu mwaka 2022 inaweka mipaka kwa anayetaka kuiuza kama huduma kwa wengine, na kwa sababu hiyo haitimizi maana inayokubalika ya chanzo huria. Kwa biashara nyingi mipaka hiyo haina athari. Kwa anayepanga kuwahudumia wateja wake kupitia programu hiyo, ina athari kubwa.

Anayeiweka kwenye seva yake mwenyewe ajue pia kwamba kazi za nakala rudufu na masasisho zimekuwa zake. Nywila na tokeni (vibali vya kidijitali vya kuingia kwenye mifumo) zote zilizohifadhiwa ndani ya n8n zimefungwa kwa ufunguo mmoja wa usimbaji. Ukihamisha hifadhidata kwenda seva mpya na kuusahau ufunguo huo, mitiririko yote utaiona, michoro yake itakuwa kamili, lakini hakuna hata mmoja utakaoweza kuingia kwenye mfumo wowote mpaka uingize siri zote upya. Sisi tunauhifadhi ufunguo huo mahali tofauti na nakala za hifadhidata, na majina ya watu wawili wanaoufikia yameandikwa.

Uangalifu kama huo unahitajika hata kwa wanaotumia huduma za wingu. Mara nyingi muunganisho hujengwa kwa akaunti binafsi ya mfanyakazi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa wazi siku ile. Mfanyakazi akiondoka na akaunti yake ikafungwa, mitiririko yote iliyobebwa na idhini yake inasimama, pengine bila mtu kujua hadi mteja alalamike. Akaunti ya kazi isiyo ya mtu binafsi, yenye ruhusa zinazohitajika tu, ingefunguliwa kabla ya mtiririko wa kwanza.

Mwisho ni njia ya kutoka. Yahoo Pipes, iliyowafundisha wengi wazo la kuunganisha vyanzo kwa kuchora, ilizinduliwa mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2015. Twitter ilipobana matumizi ya bure ya API yake, yaani mlango ambao programu nyingine huutumia kuwasiliana nayo, mwaka 2023, mitiririko iliyoitegemea ilikatika bila kosa la aliyeijenga. Make na n8n zinakuwezesha kutoa mtiririko kama faili ya JSON (maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome), lakini faili ya moja haisomeki na nyingine, kwa hiyo kuhama ni kujenga upya. Kinachookoa muda ni maelezo ya kawaida, yaliyoandikwa kwa lugha ya watu, yanayosema kila mtiririko unaanzia wapi, unagusa nini, na nani aarifiwe ukikwama.

Mhariri, mkirudia ulinganisho huu, ninaomba mwandishi wenu ajenge mtiririko mmoja tu, wa agizo hadi ankara, katika kila programu. Kisha aucheleweshe mfumo wa hesabu makusudi ili jibu lisirudi kwa wakati, asubiri, na atuchapishie ni ankara ngapi alizozikuta na ilimchukua muda gani kujua kwamba kuna tatizo.

Wenu katika kazi,
Msimamizi wa mifumo ya hesabu