Fidia: uani nako kuhesabiwe

Mhariri,

Sehemu kubwa ya Ng'ambo, upande wa mji wa Zanzibar ulio nje ya Mji Mkongwe, ilivunjwa kupisha majumba ya Michenzani baada ya Mapinduzi ya 1964, na mji bado unajengwa upya. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, kwa hiyo anayehamishwa hutegemea zaidi thamani ya alichokijenga na alichokipanda. Hapo ndipo karatasi ya tathmini ya fidia inapopunguka: vyumba na mabati huandikwa, lakini kisima, karo la choo, ukuta wa uani na mnazi unaozaa huachwa. Usitie saini kabla hujaizunguka nyumba na karatasi mkononi, sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, akiwepo. Piga picha, dai nakala.

Nyumba ya urithi ndiyo inayokwama zaidi. Hati ikiwa bado na jina la marehemu, malipo husimama mpaka mirathi imalizike, na saruji haingoji mtu, bei inapanda tu. Anzeni mirathi hata kabla ukuta haujapigwa alama ya kubomolewa.

Mpangaji wa chumba kimoja hatajwi popote, wala mama anayeuza urojo barazani. Hawa nao wapewe notisi ya maandishi na angalau kodi ya miezi mitatu ya kuanzia kwengine.

Mkaazi wa Ng'ambo,
Unguja