Yaya alinitupia dola 10 kwa sababu ya boti yangu

Jambo Mama Mshauri,

Ni saa tisa za usiku. Umeme umekatika tangu jioni na simu ina chaji kidogo, kwa hiyo nikikosea maandishi univumilie. Sijalala. Bibi yangu, yaani mke wangu, amegeukia ukutani, amechoka kusikia habari ya boti, na mtu mwingine wa kumwambia sina, maana kila ninayemwambia hapa Goma ama ni wa upande wa yaya, kaka yangu mkubwa, ama ana shida ya boti yeye mwenyewe.

Yaya alinitupia dola 10. Sisemi alinipa. Alitupa, juu ya meza, karibu na sahani ya bugali, mbele ya watoto wangu, akasema: "Chukua. Toka leo mimi ni mteja wako." Akavaa kofia yake akaondoka bila kula. Na bibi yangu alikuwa amemtayarishia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa mikono yake, zile mbichi za asubuhi, si za kukausha.

Noti hiyo iko ndani ya kabati, chini ya vikombe vya wageni. Imechanika kwenye kona. Wewe unajua hapa kwetu noti ya dola iliyochanika hata kidogo tu, mama wa sokoni anakurudishia. Sasa mimi sijui: aliichagua iliyochanika kusudi anitukane, au ndiyo pekee aliyokuwa nayo mfukoni? Hilo ndilo ninalogeuka nalo kitandani.

Nikueleze ilivyofika hapo, usije ukafikiri mimi ni mchoyo. Watu wananiita mchoyo, na mimi si mchoyo.

Mtoto wa kwanza wa yaya anaolewa. Mahari itapokelewa hapa Goma, Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Familia yetu iko Idjwi, kile kisiwa cha Ziwa Kivu, lazima waje: mashangazi, wajomba, wazee wa kule kijijini, na mama yetu. Yaya alikuja kwangu akasema, "Nitachukua boti Ijumaa mpaka Jumapili." Alisema nitachukua, hakusema naomba. Sikujali, ni yaya. Nikamwambia vizuri kabisa: boti ni yako, falanga ya boti sikuombi, lipa esansi (petroli) na posho ya motoristi wangu anayeiendesha, na wasipande zaidi ya watu 20, maana jile, zile koti za kuokolea majini, ninazo 20. Kama watu ni wengi tutakwenda mara mbili. Basi. Hayo ndiyo maneno niliyosema. Bibi yangu alikuwepo.

Yeye akasikia kitu kingine. Akasikia namdai. Akasema, "Nilipokulipia minervali pale Bukavu nilikuhesabia posho?" Akasema wageni wake hawatahesabiwa ufukoni kama mbuzi wanaopelekwa sokoni. Ndipo ikatoka ile dola 10.

Ni kweli alinilipia masomo. Sijawahi kukataa na sitakataa mbele ya mtu yeyote. Baba alipofariki mimi nilikuwa mdogo, yeye ndiye aliacha chuo akatafuta kazi ili mimi nimalize. Najua. Lakini Mama, deni la namna hiyo linalipwa mpaka lini? Nilimjengea jiko lake. Mwanawe wa pili aliishi kwangu mpaka akapata diploma. Kila Noeli boti yangu inampelekea mama chumvi, sabuni na mafuta, na inarudi na mananasi ya watoto wa yaya, na hakuna aliyewahi kusikia neno posho kinywani mwangu. Sasa kwa neno moja tu nimekuwa mfanyabiashara mbele ya damu yangu.

Na hiyo sheria ya jile 20 sikuitunga kwa ajili yake! Ni ya kila mtu. Nilianza nayo baada ya jirani mmoja, mtu wa sala, kuniomba boti kwa ajili ya kwaya yao. Nilimpa bure. Ilirudi usiku, elisi, ile panga ya motere inayosukuma boti, imemegwa bawa moja kwa sababu waliisukuma kwenye mawe, bidoni ya esansi kavu, jile nne hazipo, na yeye anacheka ananiambia Mungu atakulipa. Elisi niliinunua mimi. Tangu hapo nikasema: boti haitoki bila motoristi wangu, haitoki bila hesabu ya watu, na mwenye kuihitaji anachangia. Jirani huyo mpaka leo ananisalimia vizuri. Ni yaya tu.

Boti yenyewe si kitu cha ajabu. Ni mbao za libuyu, imezibwa kwa pamba na lami, ina motere ya farasi 40 niliyoinunua ikiwa imetumika tayari. Kila kiangazi tunaivuta nchi kavu, tunachokonoa pamba ya zamani kwenye maungio kwa kisu butu, kidogo kidogo, tunapiga mpya kwa nyundo ya mti, halafu lami ya moto juu yake. Ukiharakisha, maji yanaingia kwa chini bila wewe kuona, unaona tu abiria wanainua viatu. Kazi hiyo naifanya mwenyewe na vijana wangu. Ninaijua kila ubao wake. Mtu asiyeijua akiipakia mbele sana inainamisha pua, na ukikutana na mawimbi ya mchana pale katikati, unapopoteza ukingo huu na ule, hapo ndipo utajua.

Mama, mimi nilikuwa Kituku, bandari ya hapa Goma, tarehe 3 mwezi wa kumi 2024. Unakumbuka. Barabara ya Sake ilikuwa imefungwa na vita tangu mwanzo wa mwaka ule, kila mtu na kila gunia la maharagwe la Minova lilipita ziwani. Siku hiyo boti iliyojaa abiria ilizama watu wakiitazama kutoka ufukoni, imebaki kidogo tu ifike. Walitaja watu 278 ndani yake. Sisi wenye boti ndogo tuliingia majini kuwatafuta. Sitakuandikia niliyoyaona. Nitakuambia tu kwamba mwanamke mmoja tulimvuta akiwa bado ameshika kamba ya mzigo wake, na hakuwa na jile, wala aliyekuwa karibu naye hakuwa nayo. Na mwaka 2019, mwezi wa nne, si ilizama nyingine upande wa Kalehe, mpaka rais akafika kule, wakasema kuanzia sasa jile ni lazima? Ziwa letu lina kina cha zaidi ya mita 480, Mama. Wanaokwenda chini wengine hawarudi hata kuzikwa.

Yaya alijua nilikuwa Kituku siku ile. Alinipigia simu yeye mwenyewe usiku ule kuniuliza kama ni mzima. Halafu leo ananiambia nahesabu wageni wake kama mbuzi.

Basi nilidhani hasira itapita. Juzi motoristi wangu akaniambia kitu nilichokuwa sikijui. Yaya alikuwa ameshaongea na kijana mwingine wa kuendesha, ndugu wa huyo mkwe mtarajiwa. Na makubaliano yao ni kwamba Ijumaa, boti ikienda Idjwi kuwachukua watu, haitakwenda tupu: itapakia abiria na mizigo ya watu kwa malipo. Na Jumapili ikiwarudisha wageni, vivyo hivyo. Falanga hiyo ndiyo itanunua vinywaji vya sherehe. Umeona? Mimi nikiomba esansi nimemtukana, lakini yeye boti yangu ataipangisha kwa watu wa nje, na dereva nisiyemjua, na mimi nisijue. Hiyo sasa ni kuazima au ni nini?

Bibi yangu aliposikia hayo akasema, "Mwache, ana shida." Ni kweli ana shida. Tangu mwezi wa kwanza 2025 benki zilipofungwa hapa, akiba yake imekwama humo, na kazi yake ilisimama. Mtu aliyezoea kulipia wengine sasa anatafuta falanga ya mahindi. Haombi mtu, ni mtu wa namna hiyo. Ndiyo maana nikifikiria ile noti iliyochanika moyo wangu unageuka. Kama ndiyo ya mwisho aliyokuwa nayo, basi nimemvua nguo mbele ya watoto wangu. Lakini kama alikuwa na nyingine akachagua ile? Basi yeye ndiye amenivua. Na kwa nini hakuniambia tu, "Mdogo wangu, sina, nisaidie"? Ningempa boti na esansi na motoristi na kreti za vinywaji juu yake! Angesema tu.

Sasa bibi anasema nimpe boti bure, ila niiendeshe mimi mwenyewe. Nilimtuma mtoto kumwambia yaya hivyo. Jibu lilirudi: baba mdogo wa bibi arusi haendeshi boti, anakaa na wazee anapokea wakwe, nisitafute njia ya kukwepa heshima. Naye ana haki, ni desturi. Lakini Ijumaa si siku ya mahari! Ijumaa ningeweza kuwaleta, Jumamosi nikavaa koti langu nikakaa na wazee. Yeye hataki. Anataka boti bila mimi.

Rafiki yangu mmoja wa pale bandarini, naye ana boti, ananiambia nifanye kinyume kabisa: nimkodishie kwa karatasi, bei ya mtu wa nje, waandike sahihi mbele ya shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu, na kikiharibika kitu analipa. Anasema kuazima kunaleta vita na kukodisha kunaleta amani. Kwa wengine, sawa. Lakini kuandikiana karatasi na mtu aliyeninunulia viatu vya kwanza vya shule? Mkono wangu utaandika nini?

Mara nyingine nasema sitampa. Simpi, basi, waseme wanavyotaka. Wakati volkeno ilipolipuka mwezi wa tano 2021, na tarehe 27 tukaambiwa tuhame mji, boti hii ilibeba nusu ya avenyu yetu kwenda Idjwi na sikuomba mtu hata tone la esansi. Na yaya alikuwemo, na watoto wake, na godoro lake. Hakuna aliyeniita mfanyabiashara siku ile. Na siku ile pia nilihesabu watu, na wengine walibaki wakisubiri nirudi, na nilirudi.

Halafu nikishasema simpi, namfikiria mama.

Mama yetu ni mzee, miguu haimbebi vizuri, na ameshashonewa kitenge cha siku hiyo. Atakuja. Nisipotoa boti, yaya atawapandisha kwenye boti yoyote ile ya magunia itakayopita, zile wanazopanga watu juu ya ndizi, na mama atakaa pale juu bila jile, na mimi nitakuwa nimesimama huku Goma na heshima yangu na jile zangu 20 zikining'inia kwenye msumari. Nikitoa boti kwa huyo kijana wao, mama atakuwa ndani ya boti yangu mwenyewe, lakini na watu wangapi, na mizigo ya nani? Nikienda kumchukua mama peke yake kimya kimya Alhamisi, yaya atasema nimemwiba mama kwenye sherehe yake. Na mama mwenyewe nilipompigia simu alisema neno moja tu, kwa Kihavu, kwamba yeye atapanda boti ambayo wanawe wawili wamekubaliana, vinginevyo atabaki nyumbani. Sikiliza hilo, Mama. Nani atamwambia yaya kwamba mama hatakuja kwenye mahari ya mjukuu wake kwa sababu ya esansi?

Sikuandikii ili uniambie jile ni muhimu, hilo najua kuliko wengi. Wala usiniambie nisamehe, nimeshasamehe, ingawa nikiona ile noti damu inapanda tena.

Nataka kujua hivi. Mtu akikutupia falanga mbele ya watoto wako, naye ni mkubwa wako, unairudishaje bila kumtupia na wewe? Nimpelekee mimi mwenyewe? Nimtume bibi yangu? Nimkabidhi mjomba wetu, ambaye bahati mbaya anapenda maneno? Au nisiirudishe, niitumie kwenye esansi ya Ijumaa na nimwambie, "Yaya, uliyolipa imetosha, mimi nitaongeza"? Motoristi wangu anasema noti ile hata kwenye kituo cha esansi hawataipokea. Lakini hilo yaya hana haja ya kulijua.

Na ukiona kwamba nifanye hivyo, basi niambie pia namna ya kumwambia kwamba motoristi ni wangu na watu ni 20, bila yeye kusikia tena kwamba namdai. Maana kwenye hilo sitarudi nyuma, hata akinitupia dola 100.

Jina langu usiliweke, wala la avenyu. Tafadhali nijibu kabla ya wiki ya mwisho, maana Jumatano lazima niwe nimenunua esansi, na mama anasubiri simu yangu.

Msomaji wako, Goma