Taiming belti mpya, sili za zamani: kwa nini tunashauri vibadilishwe pamoja

Mteja akipewa makadirio ya kazi ya taiming belti (mkanda wa meno unaozungusha kemshafti, yaani shafti inayofungua valvu za injini kwa wakati wake), kinachomsimamisha mara nyingi si bei ya mkanda wala ya pampu ya maji. Ni mstari mdogo chini yake ulioandikwa "sili za kemshafti". Swali linalofuata tunalijua: "Fundi, si umesema mwenyewe hazivuji? Sasa tunabadilisha nini?"

Swali ni la haki. Kwa maoni yetu, kutovuja kwa sili siku hiyo siyo hoja. Mkanda unaofungwa leo unatarajiwa kukaa miaka kadhaa, na katika magari mengi ni kati ya kilomita 90,000 na 160,000, kutegemea kitabu cha gari husika kinasemaje. Tunachojiuliza ni kama sili iliyokwisha kuzungukiwa kwa muda wote wa mkanda wa kwanza itaweza kumaliza na muda wa mkanda wa pili. Mara nyingi haiwezi, na ikishindwa katikati, mkanda mpya ndio unaoadhibiwa.

Kemshafti inakaa ndani ya silinda hedi na inalainishwa na oili muda wote injini inapowaka. Ncha yake ya mbele hutokeza nje ili ishike gia inayozungushwa na taiming belti. Kwa hiyo ndani kunatakiwa oili bila kukoma, na sentimita chache tu nje ya hapo hakutakiwi hata tone. Kinachotenganisha pande hizo mbili ni sili: pete ya chuma iliyovikwa raba, yenye mdomo mwembamba unaolalia shafti. Nyuma ya mdomo kuna springi nyembamba ya mviringo inayoubana usiachie. Sehemu ya mdomo inayogusa shafti haifiki hata upana wa milimita moja.

Kazi ya mdomo huo si ndogo. Kemshafti huzunguka kwa nusu ya mwendo wa krenkishafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, hivyo injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kemshafti inapiga 1,500. Hiyo ni mara 25 kila sekunde, na kwa saa moja ya safari ni mizunguko 90,000, raba ikiwa imelala juu ya chuma kilichopata moto. Joto ndilo adui wake mkubwa. Raba ya sili huanza ikiwa laini, kisha hukauka na kukakamaa kidogo kidogo.

Ndiyo maana tukitoa sili ya zamani tunapenda mteja aishike mwenyewe. Mdomo wa sili mpya ukiusukuma kwa kidole unalala, ukiachia unarudi. Wa zamani unagoma, umekuwa mgumu mithili ya plastiki, na ukiulazimisha unapasuka. Kwenye ukingo wake utaona mstari unaong'aa pale ulipokuwa ukisuguana na shafti. Ukingo uliokuwa mkali sasa umelala bapa. Sili ya namna hiyo inaweza kuwa kavu kabisa kwa nje siku tunapoitoa. Ilikuwa bado inashikilia, lakini haina tena unyumbufu wa kufuata shafti inapotikisika.

Sasa oili ikipita, inakwenda wapi? Inashuka nyuma ya gia na kusambaa ndani ya kava la mkanda, mahali ambapo dereva hawezi kuona. Taiming belti nyingi zimetengenezwa kwa raba ya aina ya neoprini au nitraili iliyoimarishwa, ndani zina nyuzi za kioo, na meno yamevikwa kitambaa cha nailoni. Oili inaivimbisha raba na kulegeza mshikamano wake na nyuzi na kitambaa. Meno yanaanza kumeguka au mkanda unaruka jino. Katika injini ambazo pistoni na valvu hupishana kwenye nafasi ileile, mkanda ukikatika au ukiruka meno ya kutosha, pistoni inagonga valvu na valvu zinapinda. Hapo hedi inafunguliwa, na sili uliyoona si ya lazima inakuwa kitu kidogo kuliko vyote kwenye hesabu.

Huwa tunaulizwa pia kuhusu mikanda inayokaa ndani ya oili kwa makusudi, kama ile ya Ford ya lita 1.0 ya EcoBoost au Peugeot ya lita 1.2 ya PureTech. Ni kweli ipo, lakini raba yake imetengenezwa kwa ajili hiyo, na hata hiyo inadai oili ya kiwango kilichoelekezwa, la sivyo inaharibika. Mkanda wa kawaida, wa ukoo ulioanza na gari la Kijerumani la Glas 1004 mwaka 1962, umekusudiwa kukaa pakavu.

Upande wa gharama, sili yenyewe ni spea ndogo. Kinachokula pesa ni njia ya kuifikia. Ili kuigusa sili ya kemshafti lazima tutoe feni belti, puli ya krenki, makava, mara nyingine na mguu wa injini, kisha mkanda, kisha gia. Kwenye huduma ya taiming belti karibu yote hayo yameshatolewa. Kilichobaki ni boliti ya gia. Ukiiacha sili leo halafu ikavuja baada ya mwaka, kazi yote hiyo inarudiwa kuanzia mwanzo, na mkanda ulionunua juzi tunautupa kwa sababu umelowa. Kuna wanaoomba tuuoshe kwa petroli tuurudishe. Hatufanyi hivyo. Mkanda ulionyonya oili haurudii hali yake, na petroli nayo inaishambulia raba ileile.

Kazi yenyewe ni fupi lakini ina mitego. Wa kwanza ni boliti ya gia ya kemshafti, ambayo hukazwa kwa nguvu nyingi. Gia inatakiwa ishikwe kwa kifaa chake, au shafti ishikwe kwa spana pale kiwanda kilipoiachia pembe sita. Kuna anayeufanya mkanda wa zamani kuwa ndio kizuizi. Huyo anaweza kuvunja meno ya gia au kuhamisha taimingi bila kujua.

Mtego wa pili ndio unaotukera zaidi, kwa sababu tunapokea magari yaliyokwisha kufanyiwa. Fundi anachokonoa sili kwa bisibisi na kuukwaruza uso wa shafti. Mkwaruzo unaoweza kuusikia kwa ukucha unatosha kupitisha oili, na hapo hata sili ya kiwandani haitasaidia. Sisi tunatumia ndoano ya kutolea sili, au tunafunga skrubu ndogo kwenye mwili wa sili, mbali na shafti, na kuivuta taratibu. Kisha tunafuta shafti na kuipitishia ukucha kabla ya kitu kingine chochote.

Kwenye shafti iliyotembea sana unaweza kukuta mfereji uliochimbwa na mdomo wa sili. Usishangae, raba ikichanganyika na vumbi na masizi hula chuma. Mfereji ukiwa mwepesi tunaiweka sili mpya mbele au nyuma kidogo, milimita moja hivi, ili mdomo wake ukute chuma kizima. Ukiwa wa kina tunavalisha shafti pete nyembamba ya chuma. Ila kuisukuma sili ndani kupita kiasi nako ni kosa, maana katika baadhi ya injini kuna tundu la kurudishia oili nyuma yake, na ukiliziba unajitengenezea uvujaji mwingine.

Sili mpya inaingia springi ikitazama ndani, kwenye oili. Mdomo unapakwa oili safi kwanza ili usiungue mizunguko ya mwanzo. Zile zenye mdomo wa tefloni ni kinyume: zinafungwa kavu, na viwanda huelekeza ziachwe saa kadhaa kabla ya kuwasha injini. Inasukumwa sawasawa pande zote kwa bomba au soketi yenye kipenyo chake. Silikoni kwenye mdomo wa sili, hapana. Ukiona fundi anaipaka hapo, muulize.

Baada ya mkanda kufungwa tunaizungusha krenkishafti kwa mkono mizunguko miwili kamili, ambayo kwa kemshafti ni mmoja, na kuangalia alama za taimingi upya. Stata haiguswi kabla ya hapo.

Ukiwa huko, sili ya mbele ya krenkishafti iingizwe kwenye kazi hiyohiyo. Umri ni uleule, na ikivuja inalowesha mkanda uleule. Pampu ya maji inayozungushwa na taiming belti, tenshona (kikaza mkanda) na beringi zake hatuna haja ya kuzieleza sana. Wateja wengi wanazikubali bila mjadala.

Je, kuna wakati tunashauri sili iachwe? Upo. Kama ilibadilishwa karibuni kwa sababu nyingine na mdomo wake bado una uhai, tunaiacha. Pia kama sili inayopatikana sokoni kwa wakati huo ni ya kubahatisha, yenye raba inayonata na springi isiyokaa sawa, tunaona ni heri ile kavu ya kiwandani ibaki hadi mzigo mzuri upatikane, na tunamwambia mwenye gari hivyo. Kuna mafundi wazuri wanaoshikilia kwamba kisichovuja kisiguswe. Hawasemi upuuzi, kwani sili iliyofungwa vibaya ni mbaya kuliko ya zamani iliyotulia. Lakini hoja yao inamhusu mfungaji zaidi ya sili.

Jambo moja linalosahaulika: sili ikivuja mapema kuliko ilivyotarajiwa, usiilaumu yenyewe kwanza. Injini ina njia ya kupumua, na njia hiyo ina valvu ndogo inayozibwa na masizi. Ikiziba, mgandamizo unapanda ndani ya injini na kutafuta pa kutokea, na mdomo wa sili ndiyo sehemu dhaifu. Unabadilisha sili, inavuja tena; unabadilisha ya pili, hali ni ileile. Kwa hiyo tunakagua valvu hiyo na mipira yake kila tunapokuta sili imelowa. Kama pistoni na ringi zimechoka kiasi kwamba injini inapumua kwa nguvu, tutakueleza ukweli kabla ya kukuuzia sili.

Vilevile si kila oili iliyo upande wa mkanda imetoka kwenye sili. Gasketi ya kava la valvu ikichoka, oili hutiririka kutoka juu na kufika palepale. Tunaosha eneo, gari linatembea kidogo, kisha tunatafuta mahali pa juu kabisa palipoanza kulowa. Dalili ambazo mwenye gari anaweza kuziona mwenyewe ni matone chini ya gari upande wa mapuli, harufu ya oili inayoungua ikidondokea ekzosi, au kava la mkanda lililolowa kwenye ukingo wake wa chini.

Idadi ya sili inategemea injini. Kwenye Toyota 5S-FE mkanda unazungusha kemshafti moja, na ya pili inaendeshwa kwa gia ndani ya hedi, kwa hiyo mbele kuna sili moja tu ya kemshafti. 2JZ-GE ina mbili. Subaru za EJ zenye kemshafti nne zina nne. Na kama gari lako lina 1NZ-FE au 1ZZ-FE, makala haya hayakuhusu: hizo zinatumia cheni inayokaa ndani ya oili, hazina sili za kemshafti upande huo. Mtu akikuwekea sili hizo kwenye makadirio ya injini ya cheni, mwombe akuonyeshe zinapokaa.

Unapoweka nafasi ya huduma hii, tutumie namba ya chesi pamoja na jina la injini, kwa sababu vipimo vya sili hubadilika hata ndani ya injini ya jina moja. Mwambie fundi pia mkanda ulibadilishwa lini mara ya mwisho, na kama sili ziliguswa. Gari ni vizuri lilale gereji usiku mmoja kabla ya kazi: mkanda unatakiwa ukazwe injini ikiwa imepoa kabisa.